Mkono wa Kushoto Mbele ya Wazee

"Usiniambie," mkaguzi alisema. "Nionyeshe."

Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, mgongo wangu unagusa chaki, na hatua tatu mbele yangu palikuwa na benchi la wazee. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, lakini madirisha ya maabara yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ya bweni, na joto lilikuwa limekaa humo ndani kama mgeni asiyetaka kuaga. Balbu moja ilining'inia juu ya meza. Kila jenereta ilipokohoa kule nje, balbu ilififia, na nyuso za wazee zikaenda gizani na kurudi.

Katikati ya benchi alikaa baba yangu. Kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, viganja juu ya magoti. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe atafanya jambo kubwa leo, naye anangoja kujua ni lipi.

Alichokitaka mkaguzi kingechukua muda wa kupiga chafya. Ninyooshe mkono wa kushoto na kutenga vidole vitatu. Kidole cha shahada kingeelekea mbele, yaani kifuani mwa baba yangu. Kidole gumba kingeelekea chini, udongoni.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimeona mengi tangu siku ile, nimeshika waya wenye umeme mara mbili na kutupwa ukutani, lakini hofu kama ile sijaipata tena.

Shule yetu ilikuwa juu ya mlima wa Kwale, na mwaka ulikuwa wa sitini na sita. Serikali ilikuwa yetu kwa miaka mitatu, na kila mahali watu walikuwa wakijenga kitu. Wazazi wetu walijenga maabara. Wengine walileta mawe, wengine chokaa, wanawake wa kijiji cha Waa walibeba maji kwa siku kumi. Baba yangu, Kibwana, alikuwa mkata boriti kule mikokoni Gazi, na boriti zote za paa lile alizikata yeye na kuzipandisha kwa lori la kuazima. Ndiyo maana siku ya ukaguzi wazee waliwekwa mbele. Nyumba ilikuwa yao. Nani angewaambia wakae nyuma?

Ukaguzi wenyewe ulikuwa na maana moja tu. Mkaguzi akiridhika, shule ingeruhusiwa kutoa watahiniwa wa fizikia, na sisi kumi na wawili tungekuwa wa kwanza. Asiporidhika, vifaa vingefungwa masandukuni na kurudishwa Mombasa, na sisi tungebaki na somo la kilimo, tukasomee jembe tulilolikimbia nyumbani.

Vifaa vile viliombwa na kubembelezwa na mwalimu wetu mmoja, Mwalimu Hannah. Alikuwa mtu wa Rabai, mtoto wa misheni, amerudi karibuni kutoka chuo kikuu Kampala. Mwanamke mdogo wa umbo, na sauti yake ndogo pia. Hakuwa akipiga. Alikuwa anauliza, kisha anangoja. Angeweza kungoja mpaka kunguru wa nje anyamaze, na wewe umesimama tu, jasho linakutoka. Wengi wetu tungependelea fimbo.

Siku ya kwanza ya chupa ile siisahau. Ilikuwa chupa ya kioo, kubwa kama papai, ndani yake karibu hamna kitu, hewa imefyonzwa ikabaki chembe tu ya gesi. Mwalimu alichora mstari wa chaki sakafuni kuizunguka meza. "Ndani ya mstari huu mna volti elfu moja na zaidi," alisema. "Atakayeuvuka nitampeleka kwao mimi mwenyewe, nikasaidie kuchimba." Tukaziba madirisha. Akabonyeza swichi. Ndani ya chupa ukatokea uzi wa nuru, mwembamba, wa rangi ya samawati, umenyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha akasogeza sumaku, bila kugusa kitu, na uzi ule ukapinda kama utambi unaopulizwa.

Nyuma yangu rafiki yangu Mwero alianza kusoma Ayatul Kursi. Akakosea katikati, akaanza upya.

"Hamna pepo humu, Mwero," alisema Mwalimu. "Ni vijichembe, vidogo kupita unavyoweza kufikiri. Elektroni. Kila kimoja kina chaji, na kinakimbia. Chaji ikikimbia mbele ya sumaku, sumaku inaisukuma. Haiisukumi mbele. Haiirudishi nyuma. Inaisukuma ubavuni."

Kisha akawasha balbu na kutuandikia hesabu yake. Haikuwa ya kidato chetu, nilikuja kujua baadaye. Alitufundisha kwa sababu alituamini. Chaji ya kijichembe, mara kasi yake, mara nguvu ya uga wa sumaku. Na lazima uangalie pembe: kikikimbia sambamba na sumaku, hakisukumwi kabisa, kikiikata mraba, kinasukumwa kwa nguvu zote, kwa nyuzi thelathini, nusu yake. Chaji ilikuwa namba yenye sifuri kumi na nane baada ya nukta. Kasi ilikuwa mita milioni ishirini kwa sekunde. Sumaku yetu ilikuwa tano katika elfu. Ukizidisha yote, nguvu inatoka nukta, sifuri kumi na tatu, kisha kumi na sita. Nguvu isiyoweza kumsukuma hata sisimizi, lakini kwa kijichembe kile ilikuwa kama ukuta wa maji.

Niliipenda hesabu ile. Nasema wazi, maana watu hudhani mtu aliyeacha shule aliacha kwa sababu alikuwa mzito. Mimi sikuwa mzito. Wenzangu walikuwa bado wanahesabu sifuri kwa kalamu, mimi nimeshaweka chini jibu.

Lakini namba ilikuwa nusu ya jibu. "Upande gani?" Mwalimu angeuliza. "Mtu akikwambia nimesukumwa, si utamuuliza kasukumwa wapi? Shimoni au kitandani?" Na upande ulipatikana kwa mkono. Vidole vitatu vitengane kama pembe ya chumba, pale kuta mbili zinapokutana na sakafu. Kidole cha shahada kinafuata sumaku. Cha kati kinafuata umeme. Gumba ndilo linalokuonyesha nguvu inakoelekea.

Mkono wa kushoto.

Aliposema hivyo darasa zima lilicheka kwa aibu. Tulikuwa watoto wa pwani. Kwa mkono huo hupokei, hutoi, huli, humwelekezi mtu njia. Na kidole cha shahada cha mkono huo ukikinyoosha mbele ya mtu mzima, hiyo tayari ni kesi. "Najua mlivyolelewa," alisema Mwalimu. "Mimi pia nimelelewa. Hapa huo si mkono, ni kipimo, kama rula. Nyoosheni." Mmoja mmoja wakanyoosha. Vidole vilionekana kama vifaranga vimetoa vichwa kwenye kiota.

Mimi nikanyoosha wa kulia, chini ya dawati.

Nilizaliwa mtu wa kushoto. Mama yangu, Mwanasha, anasema hata ziwa lake nililishika kwa kushoto. Nilipoanza kula na watu, baba alisokota ukambaa wa kindu na kunifunga mkono ule kiunoni kila chakula kilipotengwa. Hakunifunga kwa hasira. Aliangalia kwamba haubani, akapitisha kidole ndani ya fundo kupima, kisha akasema bismillahi tukala. Miaka miwili. Pengine ningesahau, watoto husahau. Lakini nilipokuwa na miaka sita, babu mzaa baba alikuwa amelala mgonjwa wa kifua, akaomba maji, na nyumbani nilikuwa mimi tu. Nilichota kwa kata na kumpelekea. Nilimpa kwa mkono uliokuja wenyewe. Shangazi yangu Mwanarusi aliingia wakati huo huo, akaona. Babu akanywa, akashukuru, na kabla ya alasiri alikuwa amekufa.

Siku ya tatu ya matanga, katikati ya wanawake, shangazi alisema: "Maji yake ya mwisho alipewa kwa kushoto. Tusilaumu kifua." Nilikuwa nimekaa mlangoni. Baba alikuwa nje, hatua mbili, anasikia. Hakusema ndiyo. Hakusema siyo.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya ukambaa. Mkono niliufunga mwenyewe.

Kwa hiyo pale maabarani nilitafuta njia yangu. Na niliipata, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Elektroni ina chaji hasi. Mwalimu alitufundisha kwamba umeme wa elektroni uhesabiwe kinyume na inakokimbia. Kwa hiyo kidole cha kati kielekezwe inakotoka, si inakokwenda. Mimi niligundua kwamba ukitumia mkono wa kulia, na kidole cha kati ukakielekeza inakokwenda, gumba linaangukia upande ule ule. Nilijaribu mara ishirini, thelathini. Halikukosea hata mara moja. Nikajiambia, alhamdulillahi, mkono safi nao unajua fizikia.

Na kwa kuwa chupa yetu ilirusha elektroni tu, na mazoezi yetu yote yalikuwa ya elektroni, miezi minane nilipata kila swali. Wenzangu waliochanganyikiwa na vidole waliacha kujisumbua. "Chirau, juu au chini?" Mwero angeninong'oneza. "Chini." Na kumi na mmoja wakaandika chini.

Mkaguzi alikuwa Mzungu wa makamo aliyebaki baada ya uhuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kimepigwa pasi. Hakuwa mtu mbaya. Aliamkia wazee, shikamoo moja moja, mpaka wakamwonea huruma. Akasema atauliza maswali kwa Kiswahili ili waliojenga nyumba wasikie nyumba yao inafanya kazi gani. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Nipe mwanafunzi mmoja ambaye wewe mwenyewe ungekula kiapo juu yake."

Mwalimu Hannah hakufikiri. "Chirau Kibwana."

Nilitoka mbele. Chupa iliwashwa, uzi ukatokea, wazee wakasema "lo!" kwa pamoja. Mkaguzi alinipa kasi, akanipa sumaku, akanipa pembe ya nyuzi thelathini ili kunitega. Nikampa namba bila kuandika. Nikampa upande. Mwalimu akasogeza sumaku na uzi ukapinda pale pale niliposema. Wazee walipiga makofi. Mzee Rai, aliyekaa pembeni mwa baba, mtu mnene mwenye goti bovu, akasema kwa sauti, "Kibwana, huyu si mwanao. Huyu ulimwokota mikokoni." Wakacheka. Baba alitazama chini kuficha meno.

"Vizuri," alisema mkaguzi. "Sasa tuiache chupa." Alifuta ubao, akachora mshale wa kwenda upande wa dirisha, na kuuzunguka akatia vitone vingi. "Vitone hivi ni sumaku inayotoka ubaoni kuja kwa hawa wazee. Na kinachokimbia si elektroni. Ni protoni. Chaji yake?"

"Ile ile, bwana, ila ni chanya."

"Nguvu?"

"Kwa kasi ile ile, ni ile ile."

"Upande?"

Niligeuka kuwatazama watu, kama nilivyozoea, na mkono wangu wa kulia ukajipanga pembeni mwa paja. "Juu."

Nilimwona Mwalimu akifumba macho.

"Juu?" aliuliza mkaguzi.

"Juu, bwana."

"Umejuaje?"

Nikauinua mkono wangu wa kulia, vidole vitatu, nikauonyesha kwa fahari. Hapo hapo nikaona kwenye uso wa Mwalimu kitu ambacho fimbo haiwezi kukileta. Alikuwa anahesabu kurudi nyuma. Zoezi moja moja, mwezi mmoja mmoja.

"Tangu lini, Chirau?" aliuliza, sauti yake ndogo imekuwa ndogo zaidi.

"Tangu mwanzo, Mwalimu."

"Elektroni zilimficha," mkaguzi alisema, karibu kwa huruma. "Makosa mawili yakifutana, mtu huonekana yuko sahihi. Sasa, kijana, rudia kwa mkono unaotakiwa."

"Chini," nikasema haraka. "Jibu ni chini."

Darasa likacheka. Mkaguzi hakucheka. "Majibu yalikuwa mawili. Moja umelikosa, limebaki moja. Hata mbuzi angelipata sasa. Usiniambie. Nionyeshe."

Nilijua namna ya kuuonyesha. Hilo ndilo watu hawalielewi. Kichwani mwangu mkono wa kushoto ulikuwa umeshapangika: kidole cha kati upande wa dirisha, na kwa kuwa nimewatazama watu, kidole cha shahada moja kwa moja mbele. Palipokuwa mbele palikuwa na kifungo cha pili cha kanzu ya baba yangu. Na ili vidole hivyo viwili vikae vilivyotakiwa, mkono sharti upinduliwe, na gumba litazame ardhini. Nilifikiria kugeuka. Lakini sumaku ilikuwa inakuja kwa wazee. Nikigeuka popote, kidole kile kitawaelekea wao. Nilifikiria kusogea kando. Popote penye benchi lile palikuwa na mtu.

Kumnyooshea baba kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, huku gumba linaonyesha kaburi. Mkono ule ule. Mbele ya watu arobaini, na wote wangejua, maana maneno ya shangazi yalishafika hadi kijiji cha Jego.

Mkono ulikuwa unaning'inia pembeni mwangu. Sikuusikia. Nilijaribu kukunja vidole, kwa siri tu, nijue kama bado vipo. Nilisikia jenereta. Nilisikia Mwero nyuma ya darasa: "Nyoosha, bwana! Chirau, nyoosha!" Kisha mwingine, na mwingine, mnong'ono kama mvua inayokaribia juu ya makuti.

Mwalimu alinitazama. Alingoja. Mara hii nadhani hakuwa na lingine la kufanya.

Hapo baba aliinuka.

Alijisafisha koo. "Samahanini, wazee wangu," alisema. "Jua linanipiga." Akatoka katikati ya benchi, akaenda kusimama ukutani, peke yake, mikono nyuma.

Hapakuwa na jua. Mablanketi yalikuwa bado madirishani.

Mahali pake pakawa wazi. Ubao mtupu wa benchi, upana wa mtu mmoja, na nyuma yake njia nyembamba hadi ukutani. Baba alinitazama kutoka pale alipo na kutikisa kichwa kidogo, kama anavyomwonyesha mtu aliyebeba boriti kwamba njia ni nyeupe, pita. Nikavuta pumzi. Naapa bega lilianza kuja. Nililisikia.

Na Mzee Rai, ambaye asubuhi yote alikuwa akitafuta pa kunyooshea goti lake, akajivuta pale katikati, akajaza nafasi, akashusha pumzi ya raha.

Bega likarudi.

Mkaguzi alingoja kidogo zaidi, kwa haki yake. Kisha akamwita Mwero. Mwero alikuja mbio, akanyoosha kushoto kwake bila haya hata chembe, akavipindua vidole hivi, akavipindua vile, gumba likaishia kwenye mlango. Akamwita mwingine. Huyo alinitazama mimi kwanza, kwa mazoea. Mkaguzi akafunga daftari lake taratibu, akawashukuru wazazi kwa jengo zuri.

Mablanketi yalipoondolewa mwanga uliingia kwa kishindo, kila mtu akafunika macho. Nje, Mwero alinishika kola. "Kama mkono ungekuwa umekatika tungejua moja!" alipiga kelele. "Lakini unao! Si huu hapa? Unao!" Akaupiga kofi mkono wangu, ukayumba, akauacha. Alitaka kuwa fundi wa meli, Mwero. Amekufa akiwa karani wa soko Msambweni, na hatukuwahi kusemezana tena zaidi ya salamu.

Nilirudi ndani. Mwalimu alikuwa peke yake anakunja nyaya. Nilitaka anipige, nikasimama karibu ili iwe rahisi.

"Ungeniambia," alisema bila kuinua kichwa. "Hesabu haijali mkono. Ningekufundisha kwa wa kulia, kwa elektroni na kwa protoni, kila kitu. Ni kugeuza jambo moja tu." Akafunga uzi kwenye fundo la waya. "Siku moja tu ingetosha."

Barua ilikuja baada ya mwezi: shule ingoje, iombe tena. Masanduku yalishuka mlima. Mwalimu Hannah alihamishiwa shule ya bara, na maabara ile ikawekewa magunia ya mahindi. Hayo niliyasikia nikiwa Gazi. Mimi mwenyewe sikungoja barua.

Siku ile ile nilifunga sanduku langu la bati na kuteremka mlima na baba hadi njia panda, kungojea basi. Leo, nikiwa na miaka arobaini na minane, nasuka upya nyaya za mota za pampu huko Diani, na mahoteli yananiita fundi. Ndani ya mota hamna kingine ila ile nguvu ya ubavuni. Naipa kazi kila siku, na bisibisi nashika kwa kushoto nikiwa peke yangu.

Njia ya kuteremka ilikuwa ya vumbi jekundu, mikorosho huku na huku. Baba alinitangulia. Tulitembea mpaka shule ilipopotea nyuma yetu. Kisha akatua sanduku langu, alilokuwa ameng'ang'ania kulibeba yeye.

"Shangazi yako alisema neno, wakati ule," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi sikulisema."

"Hukulisema. Wala hukulikanusha."

Ni neno zito kumwambia baba. Lilinitoka, na nikangoja lifanye litakalofanya. Aliangalia mikorosho.

"Babu yako alikuwa na kifua miezi saba," alisema. "Alikuwa na kiu, ukampa maji." Akafuta jasho kwa pindo la kanzu. "Nionyeshe."

"Nini?"

"Alichokitaka Mzungu."

"Hapana, baba."

"Hapa hapana watu. Mimi ndiye niliyekufunga, mimi ndiye ninayekwambia. Nionyeshe."

Alisimama mbele yangu, hatua tatu, kama alivyokaa benchini. Sijui nilichukua muda gani. Bega liliuma kama la mtu anayetoka kwenye jiwe. Niliuinua mkono wa kushoto, nikatenga vidole, nikaupindua. Nikaushika kwa mwingine chini ya kiwiko. Kidole cha shahada kikatulia kwenye kifungo cha pili. Gumba likatazama vumbi.

Baba aliukagua kama anavyokagua boriti, kwa jicho moja, kutafuta palipopinda.

"Kinachokimbia ni hiki cha kati?"

"Ndiyo."

"Na hiki kinachonitazama?"

"Sumaku."

"Basi hilo gumba ndilo jibu."

"Ndilo. Inasukumwa chini."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, baba."

Hakusogea. Hakufumba macho, hakutema mate pembeni, hakusoma kitu. Mimi ndiye niliyeshusha mkono kwanza. Akabeba sanduku tukaendelea.

Ningependa kusema kwamba hofu iliniacha pale barabarani. Haikuniacha. Baba aliishi miaka kumi na tisa baada ya siku ile, na miaka ya kwanza, kila alipokohoa, nilitoka nje ya nyumba mpaka anyamaze. Hakuniuliza kamwe nakwenda wapi. Na sikurudi shule, ingawa alinisihi mara tatu, kwa namna yake, ya kuniwekea kalamu mezani na kuondoka.

Tulifika Gazi jua likiwa limelegea. Mama alikuwa amesimama uani, mikono ina unga, macho yanatoka kwangu kwenda kwa baba na kurudi. Alikuwa amengoja tangu asubuhi.

"Haya, imekuwaje?" aliuliza. "Mwanangu kajibu?"

Baba alitua sanduku kizingitini. Alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Jibu lilikuwa chini," alisema.

"Alhamdulillahi," akasema mama, na akarudi jikoni mbio kuepua sufuria.